Apige au arushe? Jibu kwa mama wa Upanga, kupitia safari ya Ellyse Perry

Swali: "Binti yangu ana miaka 15, anacheza kriketi tangu darasa la tano. Anarusha mpira kwa kasi na anapiga vizuri pia. Kocha wake mpya amemwambia achague kimoja, tena aache na netiboli, la sivyo hatafika mbali. Nikimuuliza yeye mwenyewe, ananitajia jina moja tu: Ellyse Perry. Mimi mchezo huu siujui, kazi yangu ni kumsindikiza. Huyo Perry aliwezaje vyote? Na binti yangu achague, au asichague?" (Mama, Upanga, Dar es Salaam)

Mama yangu, nianze na jibu lenyewe ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Kwa miaka 15 binti yako asichague. Hofu ya kocha wake ina msingi, na nitaieleza, ila dawa ya hofu hiyo ni kuhesabu ova anazorusha. Kumkata mtoto akabaki nusu ya mchezaji si dawa.

Na mfano aliokupa ni mzuri kuliko pengine yeye mwenyewe anavyojua. Wasichana wengi humtaja Perry kana kwamba alizaliwa anaweza vyote na akavifanya vyote kwa uzito uleule miaka yote. Ukiifuata safari yake mwaka kwa mwaka unaona jambo jingine: mrushaji aliyegeuka polepole akawa mpigaji, huku akikataa kuuachia mpira moja kwa moja. Uzito ulihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kadiri mwili na umri vilivyobadilika, na uliweza kuhama kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango mmoja akiwa bado mdogo.

Tuelewane kwanza maneno, kwa kuwa umesema mchezo huujui. Mpigaji anasimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, anaupiga mpira na kukimbia ili timu yake ipate mikimbio. Mrushaji anautupa mpira kutoka upande wa pili wa njia yenye urefu wa mita 20 na ushee, akitafuta kumtoa. Kila anayetolewa na mrushaji huhesabiwa wiketi moja kwake. Mipira sita halali ni ova moja. Kuna mechi za T20, ambazo kila timu hupata ova 20 na mambo huisha jioni moja. Kuna za siku moja, ova 50 kila upande. Na kuna Testi, ambayo kwa wanawake huchukua siku nne au tano, na kila timu hupata zamu mbili za kupiga.

Olraunda ni yule ambaye angechaguliwa timu kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili, hata kama nyingine isingekuwepo. Hapo ndipo penye ugumu. Wengi wanaoitwa maolraunda ni warushaji wanaojitahidi kupiga, au wapigaji wanaorusha ova mbili tatu wenzao wakichoka. Kipimo chetu ni kulinganisha wastani mbili: mikimbio anayopata mtu kila anapotolewa, na mikimbio anayowapa wapinzani kwa kila wiketi anayochukua. Ya kwanza ikizidi ya pili, tunaanza kumsikiliza. Kwa Perry, katika mechi za siku moja, ya kwanza inakaribia 50 na ya pili ni takriban 25. Amepata zaidi ya mikimbio 4,000 na zaidi ya wiketi 160 katika mechi hizo. Pengo la namna hiyo, kwa miaka mingi namna hiyo, ni watu wachache sana duniani wamelifikia, wake kwa waume.

Sasa turudi mwanzo. Perry alizaliwa Sydney tarehe 3 Novemba 1990. Tangu utotoni alicheza na rafiki yake Alyssa Healy, ambaye baadaye alikuja kuwa mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya vijiti kudaka mpira) na nahodha wa Australia. Julai 2007, mjini Darwin, aliichezea Australia mechi yake ya kwanza ya siku moja dhidi ya New Zealand. Alikuwa na miaka 16 na miezi 8. Hadi siku ile hakuna Mwaustralia, wa kiume wala wa kike, aliyekuwa ameichezea timu ya taifa ya kriketi akiwa mdogo kiasi hicho, na yeye alikuwa hajagusa hata mechi moja ya wakubwa ya jimbo lake.

Tazama alichukuliwa kwa kazi gani: kurusha. Katika mechi hiyo alipata wiketi mbili, na zamu yake ya kupiga ilikuwa namba tisa. Timu ina watu 11. Namba tisa ni mahali pa mtu ambaye akipata mikimbio kumi wenzake wanasimama kumpigia makofi. Kama kungekuwa na mtu mzima mwaka ule wa kumwambia, "wewe ni mrushaji, hilo gongo weka chini," karatasi ya matokeo ingemuunga mkono. Hili mwonyeshe binti yako, na ukipata nafasi ya upole mwonyeshe na kocha wake.

Dalili zilikuja mapema lakini. Februari 2008, katika mechi yake ya kwanza ya T20, kwenye uwanja mkubwa wa Melbourne dhidi ya England, alipiga mikimbio 29 bila kutolewa kisha akachukua wiketi nne kwa mikimbio 20. Mwezi huohuo akacheza Testi yake ya kwanza huko Bowral akiwa na miaka 17. Silaha yake ilikuwa mpira unaosafiri kama unamwendea mpigaji wa mkono wa kulia kisha unapinda hewani kumkimbia. Ni mpira unaomshawishi mtu kunyoosha gongo akaugusa kwa ukingo tu, na nyuma yake mlinda wiketi anasubiri.

Kupanda kwake kama mpigaji kulichukua miaka. Alisogea kutoka namba tisa hadi saba, baadaye akafika namba tatu na nne, mahali ambapo timu huweka watu wake wa kutegemewa. Januari 2014 huko Perth, katika Testi dhidi ya England, alichukua wiketi nane na kupiga mikimbio 71 na 31. Australia ilishindwa mechi hiyo, na ndiyo maana haikumbukwi sana, lakini mimi naiona kama mahali kazi mbili zilipokutana zikiwa na urefu sawa. Mwaka uliofuata, Canterbury, Uingereza, alichukua wiketi sita kwa mikimbio 32 na kuivunja England katika zamu yake ya pili.

Halafu Novemba 2017. Uwanja wa North Sydney Oval, Testi ya Ashes, ambao ni ushindani wa jadi kati ya Australia na England. Perry alikuwa hajawahi kufikisha 100 katika Testi. Alisimama akapiga mipira 374, akatoka uwanjani na mikimbio 213 bila kutolewa, wingi ambao hakuna mwanamke wa Australia aliyekuwa ameufikia katika Testi. Njiani kuna kisa kidogo ninachokipenda. Akiwa na 194 aliupiga mpira juu, akaamini umevuka kamba ya mpaka bila kugusa chini, yaani mikimbio sita. Akavua kofia, akainua gongo, akakumbatiana na mwenzake. Waamuzi wakasema umegusa chini, ni minne tu. Akarudi kusimama akiwa na 198, na mpira uliofuata akaupeleka mpakani kweli. Nimeitazama mara nyingi na wasichana ninaowafundisha. Wengi hucheka, mimi huwaomba watazame uso wake baada ya kuambiwa bado: hakuna hasira, anarudi mahali pake na kusubiri mpira.

Hata senchuri, yaani mikimbio 100 katika zamu moja, ilimchelewa katika mechi za siku moja. Ya kwanza ilikuja Februari 2019 mjini Adelaide, dhidi ya New Zealand, miaka zaidi ya 11 tangu siku ya Darwin. Kwa kumhukumu akiwa na miaka 15, au hata 22, hakuna ambaye angeiona.

Mwaka huo wa 2019 ndio kilele. Julai, Canterbury tena, alichukua wiketi saba kwa mikimbio 22 na England nzima ikatolewa kwa 75. Wiki chache hazijapita akapiga 116 na 76 bila kutolewa katika Testi ya Taunton. Kabla ya ziara kuisha akawa mtu wa kwanza duniani, mwanamume au mwanamke, kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za T20. Mwaka 2020 Baraza la Kriketi la Kimataifa lilimtangaza mchezaji bora wa kike wa muongo mzima. Sikushangaa, na sidhani kuna aliyeshangaa.

Nchi yake ina asili ya watu kama hawa, niseme kwa haki. Mwaka 1958, Melbourne, Betty Wilson alikuwa mtu wa kwanza, kwa wanaume na wanawake, kupiga mikimbio 100 na kuchukua wiketi 10 katika Testi moja. Lisa Sthalekar, aliyezaliwa Pune, India, alikuwa mwanamke wa kwanza kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika mechi za siku moja. Perry alipoingia timu alimkuta Sthalekar humo, tena wakicheza pamoja. Mtoto anayekua anamwona mkubwa wake akifanya kazi mbili haambiwi kwamba haiwezekani.

Hapa nageukia mwili, kwa maana hofu ya kocha imekaa hapa.

Kurusha kwa kasi ni kazi inayoumiza. Mrushaji anakimbia, anaruka, na mguu wa mbele unapotua chini unapokea uzito unaozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, wakati uleule mgongo umepindishwa na kukunjwa upande mmoja. Fanya hivyo mara 36 katika ova sita, kisha rudia kesho. Mifupa ya uti wa mgongo ya kijana wa miaka 13 hadi 20 na kitu bado haijakomaa, na mfupa unaopigwa mahali palepale bila kupumzika hupata ufa mdogo ambao hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mtoto anayesema kiuno kinauma upande mmoja anaporusha, na akipumzika siku mbili maumivu yanapungua, basi wote tunasema ulikuwa uchovu.

Nami niliwahi kusema hivyo. Nilikuwa na msichana wa miaka 14, mrefu, mikono mepesi, anarusha kuliko wavulana wa umri wake. Alichezea shule, alichezea klabu, na mimi nilimwita mazoezini katikati ya wiki. Kila mmoja wetu alihesabu ova zake mwenyewe, hakuna aliyezijumlisha. Alipolalamika nilimwambia anyooshe mgongo na kunywa maji. Alikaa nje zaidi ya mwaka, na aliporudi hakurusha tena. Naiandika kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi watu wazima, na kwa sababu linazuilika kwa daftari la kurasa 48.

Perry mwenyewe mwili wake umemdai. Fainali ya Kombe la Dunia la 2013, Mumbai, aliingia uwanjani na kifundo cha mguu kibovu. Alikimbia kutaka kurusha akasimama njiani. Akajaribu tena, akasimama tena. Uwanja ulidhani ameshindwa. Mara ya tatu akaurusha, na ndani ya ova ileile akapata wiketi. Alimaliza ova zote kumi anazoruhusiwa mrushaji mmoja akiwa na wiketi tatu kwa mikimbio 19, mmoja wa waliotoka akiwa Stafanie Taylor, olraunda mkubwa wa West Indies. Australia ilipata 259, West Indies 145. Kisha akapelekwa kufanyiwa upasuaji.

Kila mtu anayemwandika Perry hukisimulia kisa hiki kwa fahari, na naelewa kwa nini. Ila mama, kama kuna kipande kimoja cha safari yake ambacho binti yako asikiige, ni hiki. Yule alikuwa mtu mzima, analipwa, ana madaktari pembeni, ni fainali ya dunia. Jumamosi ya mashindano ya shule haina sababu hata moja kati ya hizo.

Machi 2020, kwenye Kombe la Dunia la T20 nyumbani kwao, msuli wa nyuma ya paja ulimchanika akiwa anazuia mpira dhidi ya New Zealand. Siku sita baadaye watu 86,174 walijaa uwanja wa Melbourne kutazama fainali ya wanawake, na yeye, aliyekuwa ameanza wakati hakuna anayekuja, aliitazama kutoka pembeni. Mwaka 2022 ukawa mgumu zaidi. Januari aliachwa nje ya timu ya T20 kwa sababu alikuwa anapata mikimbio polepole mno kwa mechi fupi. Kombe la Dunia la ova 50 mgongo ukamkamata akakosa nusu fainali. Fainali ya Christchurch alicheza kama mpigaji tu, bila kurusha hata mpira mmoja. Kisha ikagundulika ana ufa kwenye mfupa wa mgongo, na Australia ilipochukua dhahabu ya kriketi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, yeye alikuwa kikosini lakini hakucheza.

Jiulize sasa: kama Perry angechagua kurusha akiwa na miaka 15, mwaka 2022 angekuwa amebaki na nini? Mgongo uliopasuka na saa za kutazama runinga. Kwa kuwa alikuwa na kazi ya pili, alikwenda kuijenga upya. Akarudi Desemba mwaka huohuo India akipiga kwa kasi ambayo hakuwa nayo hapo kabla. Katika mechi moja mjini Mumbai alipiga mikimbio 75 kwa mipira 47. Januari 2024 akawa mwanamke wa kwanza wa Australia kufikisha mechi 300 za kimataifa, na mechi hiyo aliimaliza kwa pigo la mikimbio sita.

Na kurusha hakukufa. Machi 2024, katika ligi ya wanawake ya India, akiwa na Royal Challengers Bangalore na umri wa miaka 33, alichukua wiketi sita kwa mikimbio 15 dhidi ya Mumbai. Msimu uleule aliongoza ligi nzima kwa mikimbio, 347, na timu yake ikatwaa ubingwa. Kuna siku mjini Bengaluru alipiga mpira wa mikimbio sita ukavunja kioo cha gari la maonyesho lililoegeshwa nje ya kamba, na baadaye akapewa vipande vya kioo kile ndani ya fremu. Binti yako bila shaka anayo hiyo video kwenye simu.

Kwa hiyo kazi ya kupiga ni akiba ya mrushaji wa kasi. Hili makocha wengi hawalioni kwa sababu wanatazama mechi ya wiki ijayo.

Ningependa ujue pia kwamba hawa si watu wa Sydney na Mumbai peke yake. Kigali wana mashindano ya Kwibuka, yaliyoanza 2014 kuwakumbuka waliouawa mwaka 1994, na timu za wanawake za ukanda wetu huenda huko. Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 Afrika Kusini, Rwanda iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza iliifunga Zimbabwe, na Henriette Ishimwe, mpigaji na mrushaji, alichukua wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Baadaye wakaifunga na West Indies. Nilimpigia simu kila ninayemjua siku ile.

Kama binti yako angekuwa anarusha mpira wa kuzungusha, wa polepole unaogeuka ukigusa chini, ningekuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Deepti Sharma wa India anarusha hivyo. Kwenye Kombe la Dunia la 2025, ambalo India ilitwaa nyumbani, alipata mikimbio 215 na wiketi 22, na katika fainali peke yake alipiga 58 na kuchukua wiketi tano. Mzigo wa mgongo kwa mrushaji wa namna hiyo ni mwepesi, ndiyo maana olraunda wa mpira wa kuzungusha hudumu kwa raha zaidi. Lakini usimlazimishe abadilishe. Kasi ni kipaji, na anayeipenda akinyang'anywa huwa anaondoka na mchezo wote.

Badala yake fanya hivi. Nunua daftari. Kila siku andika ova alizorusha, za mechi na za mazoezi, shuleni, klabuni na mtaani. Mwongozo ambao Uingereza umeutumia kwa miaka mingi kwa warushaji wa kasi wa umri wa miaka 14 na 15 unasema: ova zisizidi 6 kwa mkupuo mmoja na 12 kwa siku. Akifika 16 na 17, ova 7 kwa mkupuo na 18 kwa siku. Unashauri pia asirushe zaidi ya siku 4 katika siku 7, wala siku zaidi ya 2 mfululizo. Hutahitaji kujua kriketi kusimamia hilo, unahitaji kujua kuhesabu hadi 12. Ukikaa pembeni ya uwanja unamsindikiza, tayari uko mahali panapofaa. Siku ambayo hesabu imefika, bado anaweza kupiga saa nzima, na hapo ndipo upande wa pili unapokua bila kumwibia mtu.

Maumivu ya kiuno ya upande mmoja yanayorudi kila akirusha, mpeleke hospitali, na umweleze daktari kwamba mtoto ni mrushaji wa kasi, kwa sababu asipoambiwa hatajua atafute nini. Asirushe hadi apewe ruhusa. Kupiga nako kusubiri daktari aseme.

Zungumza na kocha pia. Usiende na jina la Perry, makocha hawapendi kutajiwa mabingwa. Muulize swali moja: "Katika mechi, ninyi mnampanga apige namba ngapi?" Akisema tisa au kumi, mwombe katika mechi za kirafiki ampandishe hadi tano au sita. Mpigaji hakui akisubiri zamu isiyofika. Binti anayerusha ova zake zote kisha mechi inaisha yeye akiwa amevaa kinga za miguu pembeni akisubiri kupiga, miaka mitatu mfululizo, ataonekana ni mrushaji tu, na watu watasema wameona mbali.

Kuhusu kufika mbali, kuna ukweli mmoja wa fedha. Perry alipoanza mwaka 2007, mwanamke wa kriketi Australia hakuweza kuishi kwa mchezo huo. Mwaka 2017 mkataba mpya wa wachezaji uliongeza fungu la wanawake kutoka dola za Australia milioni 7.5 hadi milioni 55.2. Hapo ndipo wakawa wafanyakazi wa mchezo, wenye muda wa kupona na watu wa kuwapima. Kwetu bado, kwa hiyo shule ya binti yako isiguswe.

Limebaki la netiboli, na hapa Perry ana jibu ambalo ni wachache wanalo. Tarehe 4 Agosti 2007, wiki mbili tu baada ya Darwin, aliichezea Australia mpira wa miguu dhidi ya Hong Kong na kufunga bao dakika ya pili. Akacheza Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2009, na Kombe la Dunia la soka mwaka 2011 Ujerumani, ambako katika robo fainali dhidi ya Sweden alifunga bao la mbali kwa mguu wa kushoto, ingawa walishindwa 3-1. Hakuna Mwaustralia aliyekuwa amecheza makombe hayo mawili kabla yake. Mwaka 2012 klabu yake ya soka, Canberra United, ilimtaka achague. Akahamia Sydney FC, iliyokubali aendelee na yote mawili. Soka aliiachia polepole miaka iliyofuata, kriketi ilipoanza kuhitaji siku zote za wiki. Lakini aliiachia akiwa mtu mzima, baada ya kufika mwisho wa kile alichotaka kujua, na binti yako ana haki ya muda huohuo. Punguzeni netiboli miezi ya mashindano ya kriketi, mwacheni airudie miezi mingine. Inamfundisha kuruka na kutua, kugeuka na kuona uwanja, bila kumuumiza mgongo kama kurusha kunavyofanya.

Jioni moja mwombe binti akutafutie fainali ya T20 ya mwaka 2010, Bridgetown, Barbados. Australia ilikuwa imepata mikimbio 106 tu. New Zealand ilifika mpira wa mwisho ikihitaji mitano kushinda, minne kulazimisha sare. Mrushaji alikuwa Perry, miaka 19, ambaye tayari alikuwa na wiketi tatu. Sophie Devine aliupiga mpira ule kwa nguvu zake zote, ukarudi moja kwa moja kama risasi, ukielekea mpakani katikati. Mikono ya Perry isingeuwahi. Alitoa mguu wa kulia, ukaupiga mpira, ukabadili njia hadi kwa Sthalekar, na New Zealand ikapata mkimbio mmoja tu. Australia ikawa bingwa kwa tofauti ya mikimbio mitatu. Mwambie aurudishe pale mpira unapotoka kwenye gongo, kisha muutazame huo mguu pamoja.